Kasha la Yehoyada: Jinsi Tulivyonyoosha Hazina ya Kanisa

Ushauri ulionikera kuliko wote nilipokabidhiwa uhazini ni huu: "Kanisa si kampuni, mwachie Roho aongoze." Wanaousema wana nia njema, lakini wameruka kurasa nyingi. Biblia imejaa habari za kuhesabu, kupima, kuandika na kukabidhi mbele ya mashahidi. Utaratibu tunaoutumia sasa tuliutoa karibu wote katika sura moja, 2 Wafalme 12, na unafanya kazi.

Sura ile inahusu mradi uliokwama. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha kwa watu wanaofahamiana nao, kisha watengeneze mabomoko ya hekalu. Mwaka wa 23 wa utawala wake ukafika na mabomoko yako vile vile. Maandiko hayasemi makuhani waliiba, wala mfalme hakumfukuza mtu. Alichofanya ni kutenganisha kazi: makuhani wasipokee tena fedha za matengenezo, wala wasiyasimamie. Kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Zilipoonekana fedha ni nyingi, walikuja watu wa pande mbili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Kutoka hapo zikaenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi na waashi.

Kwa hiyo anayepokea si anayehesabu, na anayehesabu si anayelipa. Katika makanisa mengi kazi hizo zote zimemwangukia mtu mmoja mwaminifu, naye anachoka, na siku hesabu ikipishana hana wa kumtetea.

Sisi tulianza na kuhesabu, na hapo ndipo palipotusumbua sana. Baraza la wazee lilipitisha kwamba sadaka ihesabiwe na watu wawili. Karatasi ikawa na sahihi mbili kila Jumapili, na bado kiasi kilichoandikwa na kilichofika benki vilipishana mara kwa mara. Sababu ilionekana nilipokaa pembeni na kutazama kazi inavyokwenda. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwenzake anaitikia na kutia sahihi. Hiyo ni hesabu ya mtu mmoja yenye sahihi mbili. Tena wawili wale walikuwa mtu na shemeji yake, na ni nani atamwambia shemeji yake mbele ya watu, "Rudia, umekosea"?

Dawa iliyofaa ni ndogo, nami najivunia. Kila mmoja anahesabu fedha zote peke yake, kimya, na kuandika kwenye kikaratasi chake: noti ngapi za kila thamani, sarafu ngapi za kila thamani, kisha jumla. Anakikunja. Mwenzake naye anazihesabu zote upya. Vikaratasi vinafunguliwa pamoja. Vikilingana, kiasi kinahamishiwa kwenye fomu ya makusanyo na wote wanatia sahihi kwa wino. Visipolingana, hakuna anayetaja kiasi chake, wote wanarudia. Kutaja ni kosa kwa sababu anayerudia atahesabu mpaka aifikie namba aliyoisikia. Mchanganuo wa thamani nao una kazi yake: tofauti ikitokea, inaonekana mara moja iko kwenye noti za aina gani, na mara nyingi ni noti mbili zilizogandamana.

Zaka za kwenye bahasha hazichanganywi na za kikapuni. Kiasi kilichoandikwa juu ya bahasha kinalinganishwa na kilichomo kabla ya kuitupia kwenye fungu, la sivyo stakabadhi ya mwumini itatofautiana na daftari na hutajua pa kuanzia. Jozi za wahesabuji hubadilishwa kila juma, na ndugu, wanandoa au mashemeji hawapangwi pamoja.

Jambo la pili lililoleta kelele: sadaka haikatwi ikiwa bado kikapuni. Mtu wa vipaza sauti anasubiri malipo mlangoni, mgeni anataka nauli, na mkono wa kwanza kufikiwa ni ule wenye kikapu. Ukilipa hapo, makusanyo ya siku hayatalingana kamwe na fedha iliyowekwa benki, na usuluhisho wa benki wa mwisho wa mwezi, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki, unakuwa kubahatisha. Fedha zote ziende benki kama zilivyohesabiwa. Matumizi madogo yawe na masurufu yake, yaani fedha taslimu iliyotengwa kwa ajili hiyo, kiasi kisichobadilika, na kila wakati fedha iliyobaki ukijumlisha na hati za malipo lazima irudi kwenye kiasi kile kile. Kinachojazwa ni jumla ya hati tu. Hundi zina sahihi mbili, na hundi tupu haitiwi sahihi hata kama mwenzako anasafiri kesho.

Mimi mhazini sihesabu sadaka. Ninapokea fomu ya makusanyo, ninailinganisha na hati ya benki, ninaingiza daftarini. Mzee mmoja aliniuliza kikaoni, "Ndugu mhazini, unatushuku?" Nilimjibu kwa 2 Wakorintho 8. Paulo alikuwa mtume, lakini mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliokuwa na sifa njema, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akataja sababu waziwazi: mtu asije akawalaumu, kwa kuwa wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo aliona anahitaji mashahidi, mzee wa kanisa na mhazini wanawahitaji zaidi. Mzee yule sasa ndiye anayepanga zamu za kuhesabu.

Wapo wanaoleta mstari wa 15 wa 2 Wafalme 12: wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, maana walitenda kwa uaminifu. Ni kweli umeandikwa hivyo, lakini usomwe mahali pake. Fedha ilipowafikia ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na wawili, kiasi kinajulikana, na kazi yao ilionekana kwa macho ukutani. Mstari ule hauondoi ukaguzi wa kasha. Fundi wetu tunamwamini, na tunamlipa kwa hatua ya ujenzi iliyokamilika. Mstari wa 13 nao husahaulika: fedha ile haikutumika kutengeneza vyombo vya fedha wala tarumbeta, ilikuwa ya matengenezo tu. Mchango wa paa haununui kinanda. Sisi tumeutengea ukurasa wake kwenye daftari, na fedha ikibaki, baraza linawarudia waliotoa kabla ya kuihamisha.

Kuhusu watu wa kuweka, Nehemia 13 ndiyo sura ninayoirudia. Eliashibu kuhani, kwa ukaribu wake na Tobia, mpinzani wa Nehemia, alimpa chumba kikubwa kilichokuwa ghala la zaka na vyombo. Walawi wakakosa posho zao, wakaenda kulima. Nehemia alitupa vyombo vya Tobia nje, lakini hakuishia hapo: aliweka watunza hazina, kuhani, mwandishi na Mlawi, pamoja na msaidizi wao, kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu. Hawakutoka kundi moja. Kwetu, kikao kikijadili zabuni ambayo ndugu wa mjumbe ameomba, mjumbe huyo anatoka nje na muhtasari unaandika kwamba alitoka.

Wale saba wa Matendo 6, waliosimamia ugawaji wa chakula kwa wajane, walichaguliwa na mkutano, wakawekwa na mitume, na sharti lilikuwa ushuhuda mwema, Roho na hekima. Ujuzi wa hesabu bila ushuhuda haufai, na ushuhuda bila ujuzi unahitaji kufundishwa kwanza. 1 Timotheo 3:10 inasema mashemasi wajaribiwe kwanza. Mjaribu mtu kwa kazi ya kuhesabu kabla hujampa hundi.

Makabidhiano tumeyachukua kwa Ezra. Aliwapimia wakuu wa makuhani 12 fedha, dhahabu na vyombo kabla ya safari; walipofika Yerusalemu vikapimwa tena mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili, kila kitu kwa hesabu na uzani, na uzani ukaandikwa wakati ule ule. Mhazini anayetoka na anayeingia wakae pamoja na mashahidi wawili. Wahesabu masurufu, waandike namba ya mwisho ya stakabadhi iliyotumika, waorodheshe vitabu vya stakabadhi visivyotumika (hivi ndivyo hupotea), hundi zilizobaki, salio la benki, madeni na funguo. Barua ya kubadilisha watia sahihi wa benki iandikwe kabla hawajainuka mezani, na katibu aipeleke siku ya kwanza benki itakapofunguliwa.