Suti ya Kaunda, bukta na khanga ya kukodi

Jumanne iliyopita nimerudishwa getini. Ofisi yenyewe siitaji, nimeenda tu kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, nimevaa gauni langu la kazini kabisa, lile la bluu linaloishia gotini, na mlinzi wala hajaniuliza nimefuata nini, kanitazama kuanzia chini kwenda juu halafu akanyoosha kidole kwenye bango. Mnayajua yale mabango. Watu wamechorwa hawana vichwa, huyu kimini, yule suruali ya kubana, mwingine kitovu nje, kaka mmoja na kaptula yake, na kila mmoja kapigwa msalaba mwekundu. "Dada, hapo huingii." Nikamwambia kaka yangu mbona goti limefunikwa, akasema hapo umesimama, ukikaa je? Kha! Nikakosa jibu, maana kweli sijawahi kujipima nikiwa nimekaa.

Ng'ambo ya geti chini ya mwarobaini kuna mama anauza karanga na maji, pembeni ya ndoo kaweka vitenge na khanga vimekunjwa vizuri. Nikamwamkia, "Marahaba mwanangu, usipoteze nauli bure, buku tu." Unakodi, unajifunga, ukitoka unarudisha. Mimi nikaangukia khanga imefifia mpaka huelewi ilikuwa nyekundu au chungwa, inanuka moshi na jasho la watu mchanganyiko, na jina lake bado linasomeka, WEMA HAUOZI. Basi nimezunguka nayo dirisha la kwanza mpaka la tatu, wema hauozi huku nyuma, na mwisho wa yote naambiwa njoo Jumatatu.

Mlinzi yule yule aliponiona na khanga akanipisha huku anatabasamu, sijui kama kuna kitu wanagawana na yule mama, sitaki dhambi.

Sasa kilichoniuma si khanga. Waraka wa mavazi wa mwaka 2007, ule ambao watu wanausemea sana, ni wa watumishi wa umma, na huko sina ugomvi, ukiajiriwa unafuata ya mwajiri wako. Ila mimi sijaajiriwa pale, nimekuja na shida zangu na foleni yangu.

Jumamosi yake ndo nikazidi kuchanganyikiwa. Mzee wangu alitimiza miaka 72, tukasema tumtoe, tukampeleka mgahawa mmoja wa kule Masaki. Mzee katoka chumbani na suti ya Kaunda. Ya kaki, mikono mifupi, mifuko minne, kalamu kwenye mfuko wa juu, mstari wa pasi ungeweza kukata nyanya. Tunafika, watu wote bukta na ndala, kuna mmoja kavaa vesti ya mazoezi jasho halijakauka, anakula samaki wa elfu hamsini. Mzee akaniinamia, "Hawa wametoka kuoga baharini?" Nikamwambia hapana baba, wamekuja kula. Akanyamaza kidogo, "Haya."

Ila mhudumu alivyomwona! "Karibu mheshimiwa," tukahamishwa kutoka mlangoni hadi meza ya upande wa bahari, na mzee hakumsahihisha kijana wa watu, kaketi zake.

Akaanza kutupa habari za zamani, jinsi alivyoazima viatu kwa rafiki yake kwenda sherehe kwenye hoteli moja mjini, kwa sababu ukienda na makatambuga unaishia barabarani. Na Operesheni Vijana, ile ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyoanza Januari 1969, marufuku vimini, marufuku wigi, marufuku suruali za kubana na krimu za kujichubua, shangazi yetu akawa anaficha wigi lake kwenye debe la mchele. Hapo mama kadakia, "Na mchele wenyewe mkaula." Tulicheka mpaka meza ya jirani wakageuka.

Nikiwa pale ndo nikaona kitu. Hotelini sheria imelegea kwa sababu mwenye hela siku hizi anakuja na bukta, ukimrudisha anavuka barabara anakula kwa mwenzako. Kule getini nirudi wapi? Cheti hakiuzwi duka la pili. Anayekuhitaji hatazami goti lako, bana, ila ukiwa wewe ndo mwenye shida utapimwa mpaka ukikaa.

Na wakubwa nao hawaponi, kila mahali wanayo yao. Juni 2021 Spika Ndugai alimtoa bungeni mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, akabadilishe nguo, na suruali yenyewe picha tuliiona wote, mi sikuona la ajabu. Wakenya ndo wamenimaliza, Novemba 2023 Spika Wetang'ula kapiga marufuku suti ya Kaunda bungeni wakati rais wao Ruto ndo mvaaji namba moja! Nilipomwambia mzee akaweka uma chini. "Suti hii? Hii ya kwangu?" Nikamwambia hiyo hiyo baba. Akajifuta mdomo, akafunga kifungo cha juu.

(Zanzibar naiweka pembeni jamani. Mji Mkongwe ni mitaa ya watu, wanaishi mle na watoto wao, mgeni akiambiwa ajifunike mabega hajaonewa. Tena anaambiwa kistaarabu kuliko mimi.)

Kesho Jumatatu narudi kuchukua cheti. Nimetoa gauni refu kabatini, nimekaa nalo kwenye kiti mbele ya kioo, goti halionekani. Mzee hataki kusikia, anasema tunaenda wote, atatangulia yeye. Suti imeshaenda kwa dobi.