Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa breki kwenye uwanja wa mbio

Saa 12 asubuhi. Nafika kabla ya wanafunzi na kuizunguka njia nzima kwa miguu. Ukiwa ndani ya gari huoni mchanga uliomwagwa kwenye lami na gari lililotoka njiani jana, wala doa la oili lililo hatua chache kabla ya kona. Mahali ambapo mtu atakanyaga breki akiwa kwenye kilomita 180 kwa saa, mchanga kidogo tu unatosha kumtupa nje. Leo nimekuta upande wa kulia wa kona ya tatu umechafuka. Nimefagia mwenyewe.

Saa 1 na nusu. Ukaguzi wa magari, na mimi huanza na breki. Pedi ya breki, ile inayobana diski ya gurudumu, ikilika kupita nusu haiingii njiani. Kisha mafuta ya breki, ambayo watu huyasahau kuliko kitu chochote. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa tu. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedali inashuka hadi sakafuni, gari halipungui mwendo.

Kijana mmoja hakujua mafuta yake yalibadilishwa lini. Tumeyamwaga, tukatia mapya na kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja baada ya jingine. Akakosa zamu ya kwanza na kununa kidogo. Heri anune.

Saa 3. Darasa, kwa ufupi. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na mwendo ukiongezeka mara mbili joto la kuondoa linakuwa mara nne. Bendera ya njano: hakuna kumpita mwenzako. Nyekundu: tazama kioo kwanza, kisha punguza taratibu, maana anayekufuata huenda hajaiona.

Saa 4. Nimekaa kiti cha abiria, dada mmoja ndiye anayeendesha. Anakanyaga kama afanyavyo barabarani: kwa upole mwanzoni, halafu anazidisha nguvu kadiri kona inavyokaribia. Kwenye foleni huo ni uendeshaji mzuri. Huku unatakiwa kinyume chake. Nguvu nyingi inakuja mapema, gari likiwa limenyooka na usukani umetulia, baada ya kuupa uzito nafasi fupi ya kuhamia matairi ya mbele. Kisha unaachia kidogo kidogo kadiri unavyokata usukani.

Sababu ni kwamba tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika lami. Ukiutumia wote kupunguza mwendo, hakuna unaobaki wa kukata kona. Ukiachia pedali ghafla, uzito unarudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na gari linakataa kugeuka. Ukibana kwa nguvu huku umeshakata, nyuma ndiko kunakopoteza mshiko na gari linajizungusha. Kwa hiyo mimi dereva nampima kwa namna anavyoachia breki. Kukanyaga kwa nguvu anaweza yeyote mwenye mguu.

Tunaanzia kwenye bango la mita 200 kabla ya kona, ingawa gari hili lingeweza kusubiri zaidi. "Kanyaga. Shikilia. Sasa achia, achia, achia..." Safari nyingine inatoka laini, pua ya gari inainuka taratibu na tunaingia kona bila mtikisiko. Inayofuata anaachia kwa mkupuo, na tunapita mbali na ukingo wa ndani tuliokuwa tunaulenga.

Saa 6. Mapumziko. Maji mengi, kivuli.

Saa 8. Mvua, na mimi naipenda kwa kufundishia. Mpira wa matairi uliojipaka kwenye mstari ambao magari hupita kila mara sasa unateleza, kwa hiyo tunafungia breki mapema zaidi na kando ya mstari huo.

"Mwalimu, pedali inatetemeka!"

"Iache itetemeke, dada. Kaza mguu."

Hiyo ni ABS ikizuia magurudumu yasijifunge. Wengi hushtuka na kuinua mguu papo hapo, wakati ndipo breki inahitajika zaidi. Na ikiwa umeshachelewa kabisa, nyoosha usukani, kanyaga, utoke njiani ukiwa umenyooka. Kulazimisha kona kwa mwendo usiowezekana ndiko kunakolitoa gari nje kwa ubavu.

Saa 10. Njia imekauka, zamu ya mwisho. Harufu ya pedi imejaa, na pedali inaanza kushuka chini kuliko asubuhi. Hapo hakuna mjadala: mzunguko mmoja wa kupoza, mwendo mdogo, breki iguswe kwa nadra. Tukiegesha, handibreki haivutwi. Gari linabaki kwenye gia na kuwekewa kabari gurudumuni. Pedi yenye moto ikibanwa kwenye diski iliyosimama huacha tabaka lake pale pale, na baadaye gari hutetemeka kila ukifunga breki.

Saa 11 na nusu. Nakagua tena nati za magurudumu, kisha naandika ripoti. Ya dada yule inasema: kukanyaga kuzuri, macho yanatazama mbali, kuachia bado kwa ghafla kwenye kona ya tatu. Kesho aanze tena bango la 200.