Mdomo wa baba ulipokwenda upande
Baba alikuwa anaongea nami vizuri tu, ghafla maneno yakaanza kumkwama, ulimi mzito. Nikamwambia atabasamu: upande mmoja wa mdomo ukabaki umelegea. Anyanyue mikono yote miwili: wa kulia ukashuka wenyewe. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke, hicho ni kiharusi, hospitali moja kwa moja. Jirani akaja mbio na aspirini (watu na huruma zao!), nikaikataa. Kuna kiharusi cha damu kuganda na cha mshipa kupasuka, na bila picha ya kichwa huwezi kujua ni kipi; kama ni mshipa uliopasuka, aspirini inaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Daktari alianza na swali moja: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na zikipotea zenyewe, bado mpeleke siku hiyo hiyo.