Mama yao yuko wapi?

Kabla ya Desemba iliyopita ungeniuliza habari za kusafiri na watoto wadogo, ningekupa mhadhara. Nilijihesabu mzoefu. Mwaka 2024, treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma, tuliipanda wote wanne, binti akiwa na miaka mitatu na mdogo wake miezi saba. Niliporudi dukani nikawasimulia wenzangu kwamba watoto hawasumbui, ni watu tu wanakuza mambo. Sikuwaambia, kwa sababu hata mwenyewe sikuwa nimegundua, kwamba safari ile mimi nilisafiri na mabegi. Watoto walisafiri na mama yao. Mimi nilikunywa kahawa, nikahesabu mahandaki ya Kilosa, nikalala.

Sasa Desemba mama mkwe akateleza kwenye matope huko Tukuyu, akavunjika nyonga. Mke wangu akaondoka kesho yake. Watoto wakabaki na mimi na dada wa kazi, mpango ukiwa tufunge duka tarehe ishirini tumfuate wote. Tarehe kumi na nane dada akaomba ruhusa, kwao Singida wanamsubiri Krismasi. Ungemzuia vipi? Nikampa nauli na kitenge, nikafunga mlango, nikageuka nikawakuta wawili wananitazama.

Majina yao siyaandiki hapa. Binti ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Mama. Ana miaka minne. Mdogo wake tunamwita Bwana Mdogo, mwaka mmoja na miezi kumi, ameacha kunyonya juzijuzi na bado ana hasira nalo.

Swali la kwanza lilikuwa usiku au mchana. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, wazazi wengi wanasifu basi la usiku: watoto wanalala, unaamka umefika. Nikawaza, watoto wanalala, sawa, lakini mimi nitalala? Nikisinzia na mmoja mapajani, huyu mwingine nani anamshika? Nikakata tiketi ya saa kumi na mbili asubuhi, siti mbili. Mpiga debe alinishangaa, "Bosi, watoto si unapakata tu?" Kutoka Dar hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya mia nane. Pakata wewe.

Nitasema jambo moja la maana kuhusu mizigo, mengine kila mtu ana yake. Chukua kopo la siagi la kilo moja, lile lenye mfuniko unaobana. Zamani mtoto akichefukwa konda alikurushia mfuko wa rambo, mweusi, mambo yakaisha dirishani. Tangu Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku, na mfuko wa karatasi, samahani kwa mnaokula, una dakika mbili tu. Kopo ndilo lililoniokoa. Hilo pamoja na poti ya bluu ya plastiki niliyoifunga kamba nje ya begi, dunia nzima ikaiona.

Saa kumi alfajiri umeme ulikuwa umekatika. Nikapapasa kabati la mke wangu, nikavuta kanga ya kwanza iliyokuja mkononi. Dada alishanifundisha: inama, mtoto alale mgongoni, pitisha kanga chini ya makwapa yake, kaza, funga kifuani, halafu ndiyo usimame. Alifundisha kwa dakika tano. Mimi ilinichukua majaribio manne juu ya kitanda, kwa mwanga wa simu. Lakini ikakaa. Tukapanda bajaji kutoka Kimara, Bwana Mdogo mgongoni, Mama ameshika poti yake kama pochi.

Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa kumi na moja alfajiri ni kama sokoni. Nilipopita na mzigo wangu, wapiga debe wakaanza: "Nani kama mamaaa!" Kicheko. Mwingine akaitikia, "Hakuna!" Nikaona labda kuna mama mbele yangu wanamtania. Nikasonga.

Ndani ya basi siti yetu ya pili ilikuwa na mtu, naye ana tiketi halali ya siti ileile. Hapo zikapotea dakika ishirini za kelele nisizotaka kuzikumbuka. Mwishowe konda akamhamishia nyuma. Kuvuka njia, dirishani, alikaa mama mmoja mtu mzima, kitenge cha kijani, kikapu miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akatutazama mmojammoja. "Mama yao yuko wapi?"

Nikasema ametangulia Tukuyu, anauguza. Hakuridhika. Tulipofika Kibaha akamwinamia binti.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Mama."

"Hapana, wewe. Jina lako."

"Mama."

"Haya. Na mama yako yuko wapi?"

"Mama ni mimi."

Watu wa siti za jirani walinyamaza. Nikaeleza, huyu ana jina la bibi yake mzaa baba, ndiyo sababu. Nilivyoeleza nikasikia mwenyewe jinsi maelezo yangu yanavyofanana na ya mwizi. Yule mama akasema kwa upole kabisa, "Mpigie mama yao tumsalimie."

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, nilipandwa na hasira ya kudhalilishwa, mtu mzima, na duka langu, na kodi nalipa, niombwe uthibitisho wa watoto wangu mwenyewe mbele ya basi zima. Lakini nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Mke wangu alipoitika, Bwana Mdogo akaanza kulia "mamaa" na kulamba simu. Yule mama akamsalimia, akamuuliza hali ya mgonjwa, wakaongea kama majirani. Alipomaliza akanirudishia simu, akapiga mapaja yake mara mbili: "Haya, mlete huyo mdogo, wewe kunywa chai." Hasira yangu ilidumu mpaka Chalinze. Baadaye nikawaza, siku moja mtu asiye mimi akimpakata mwanangu kwenye basi, namtaka mama huyuhuyu awe siti ya jirani, na aulize kwa ukali zaidi.

Alikuwa anashuka Makambako. Kutoka Kibaha mpaka Makambako, basi, nilikuwa na mkwe wa pili.

Msamvu tulisimama dakika chache, watu wakanunua vya kununua. Mama alisema hataki kojo. Nikamuuliza mara tatu. Hataki. Wazazi mnajua yanayofuata. Tulipoingia hifadhi ya Mikumi, barabara inakatiza katikati ya mbuga, vibao vinaonya habari ya kugonga wanyama na faini zake, na humo basi halisimami kuchimba dawa hata ulie, ndipo aliponivuta shati. "Baba. Kojo. Sasa hivi." Kilomita hamsini za hifadhi mbele yetu. Poti ya bluu ikafunguliwa kamba, ikawekwa kati ya siti, nikanyanyua kanga kuwa pazia, na basi likichagua dakika hiyohiyo kupanda matuta. Sitaeleza zaidi. Vifuta vya mtoto beba pakiti mbili.

Nilipoinua kichwa, twiga watatu walikuwa karibu na barabara. Bwana Mdogo akanyoosha kidole: "Ng'ombe!" Dada yake, bado kwenye poti, akamsahihisha kwa dharau, "Siyo ng'ombe. Twiga wa simenti." Mtoto wa muuza vifaa vya ujenzi huyo. Basi lilicheka mpaka mbele kwa dereva.

Tuliposhuka kula, nikakutana na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Milango miwili, WANAUME na WANAWAKE. Nina binti wa miaka minne. Upande wa wanaume pale ukuta ni mmoja na watu wamejipanga. Upande wa wanawake mimi siingii. Nikasimama katikati nimeshika mkono wake, pampasi ya mdogo imejaa mgongoni, harufu inatangaza, na mahali pa kumbadilisha mtoto hapapo upande wowote. Yule mama akamchukua binti bila kuombwa. Bwana Mdogo nikambadilishia juu ya benchi nje, kinamama wawili wa chipsi wakinitazama kama sinema. Mmoja akasema, "Hongera baba. Wanaume wangekuwa hivi!" Mwenzake akanizunguka nyuma, akasoma sijui nini, akafunika mdomo: "Nani kama mama, lakini." Nikajibu ni kweli, hakuna kama mama. Wakaangua kicheko tena.

Pongezi nilizopata siku ile zingejaza kiroba. Abiria walinipa ndizi, konda aliniita baba wa mfano, kijana mmoja alitaka kunipiga picha, nikakataa. Desemba 2023 mke wangu alipita barabara hiihii akiwa na Mama mgongoni na Bwana Mdogo tumboni, miezi saba. Hakuna aliyempongeza. Konda alimgombeza kwa kuchelewa kupanda.

Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu, kwa sababu kila mtu ananunua vitunguu pale, hata mtu mwenye mikono miwili iliyojaa watoto. Halafu Kitonga. Lori moja lilikuwa limeharibika kwenye kona, foleni ikashika mlima, malori yanaguna, harufu ya breki na klachi inaingia ndani. Unapopanda namna ile masikio yanaziba, na mtoto wa mwaka na kitu hajui kumeza mate, anachojua ni kupiga kelele. Mpe maji kidogokidogo kwa kikombe, anywe, masikio yanafunguka. Hilo nalo alinifundisha mama wa Makambako, pamoja na kukwaruza ganda la ndimu na kumnusisha binti. Ndimu ilisaidia kona tatu. Kona ya nne, kopo la siagi.

Baada ya Iringa wote wawili walilala juu yangu, mmoja kila paja, na miguu yangu ikafa ganzi nisithubutu kuisogeza. Katuni za kwenye simu, ambazo niliziamini kuliko kitu chochote, ziliishia Mafinga chaji ilipokata, na wala hawakuziulizia. Walioga jasho Mbezi, sasa nikawavisha masweta. Makambako yule mama akashuka. Alimwamsha binti taratibu, akamwambia aseme "kamwene," salamu ya kwao, binti akasema. Akanitazama mimi, akatazama kanga iliyokuwa begani, akacheka peke yake.

"Mwanangu, hiyo kanga mrudishie mwenyewe," akasema, akashuka na kikapu chake.

Uyole tulifika saa tatu usiku, mvua inanyesha ile nyembamba ya baridi. Mke wangu alikuwa amesimama na shemeji chini ya banda la muuza mahindi. Nilimfunga tena Bwana Mdogo mgongoni ili mikono ibaki kwa mabegi, poti na vitunguu. Nilitegemea nitakabidhi watoto niende nikakae chini mahali. Mama akakimbia kwa mama yake. Bwana Mdogo alimwona, akamtazama sana, akarudisha uso mgongoni kwangu akakaza.

"Wamekula?" akauliza mke wangu.

"Wamekula."

"Wametapika?"

"Mmoja."

Akazunguka nyuma kumfungua mtoto. Nikasikia kimya. Halafu nikasikia mtu anacheka mpaka anashika nguzo ya banda.

"Umetoka nayo hii Dar?"

"Ndiyo. Kwani ina nini?"

Akaninyooshea pindo kwenye mwanga wa taa ya muuza mahindi. Herufi kubwa, nyeusi, ambazo kumbe nilizitembeza mgongoni kutoka Mbezi: NANI KAMA MAMA.

"Nilinunua kwa ajili ya mama," akasema, anafuta machozi. "Ilikuwa zawadi yake ya Krismasi."

Ilikuwa na uji, siagi kidogo, na kitu kingine cha Mikumi. Tulilala kwa shemeji palepale Uyole, na asubuhi, kabla ya Coaster ya Tukuyu, nilikuwa bombani naifua.