Kutoka Athens mpaka Marathon kumfuata Aeschylus

Nilianzia Athens, chini ya kilima cha Acropolis upande wa kusini, pale penye ukumbi wa maigizo wa Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, jua linachoma balaa na mawe hayakaliki, mbele kabisa kuna viti vya marumaru vya makuhani na wakubwa wa mji. Viti hivyo Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, hakuviona, enzi zake watu walikalia mbao, ila mteremko ni huu huu na ndo hapa mwaka 472 KK alileta tamthilia ya Waajemi, ya zamani kuliko zote zilizobaki nzima mpaka leo.

Yaani hebu fikiria, ilikuwa miaka 8 tu tangu vita vya baharini vya Salamis, Wagiriki walipowapiga Waajemi, waliokaa hapa wengi walipigana, mji wao ulichomwa moto na Waajemi, halafu huyu bwana anawaonyesha mama wa mfalme wa adui akisubiri habari za mwanawe kule Susa, mji mkuu wa Waajemi, tarishi anafika anataja waliokufa jina kwa jina, wazee wanalia, mzimu wa Dario, baba wa mfalme, unatoka kaburini. Hakuna matusi wala kejeli, ni msiba tu, msiba wa watu waliokuja kuwaua. Na kwenye mashindano ya tamthilia akapewa ushindi! Hapo ndo aliponimaliza kabisa.

Maana huyu hakuwa mtu wa kusimuliwa vita. Kesho yake nikapanda basi la Marathon, kama kilomita 40 hivi, nikashuka njiani nikamalizia kwa miguu mpaka kwenye kile kichuguu kikubwa cha udongo walichozikiwa Waathene 192 waliokufa wakipigana na Waajemi mwaka 490 KK. Kimo chake kama mita 9, nyasi kavu juu, mizeituni pembeni. Aeschylus alipigana hapa na nduguye Cynegirus akafia hapa, mwanahistoria wa kale Herodotus anasema alishika sehemu ya nyuma ya jahazi la Waajemi lisiondoke, wakamkata mkono kwa shoka. Nilikizunguka polepole huku namuwaza huyo ndugu, nikaelewa kwa nini ule mchezo hauna shangwe.

Aeschylus mwenyewe alikuja kufia Gela, Sicily, karibu mwaka 456 KK. Tamthilia zaidi ya 70, sisi tumebakiwa na 7. Na maneno ya kaburini kwake, wazee wa kale wengine wanasema aliyatunga mwenyewe, hayataji mchezo hata mmoja, yanasema tu ushujaa wake waulizwe Marathon na Mwajemi mwenye nywele ndefu, anaujua vizuri.