Pepo wa Saa Sita Mchana

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Wiki hii nimetenda dhambi ambayo sikuijua jina. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, na mimi ndiye ninayemlisha. Jumatano, kama saa sita hivi, nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Kijiko cha kwanza anameza, cha pili kinamtoka pembeni mwa mdomo, nafuta kwa khanga, naanza upya. Nikatazama saa ukutani. Nikalisha, nikafuta, nikatazama tena: dakika mbili tu zimepita. Nikaenda dirishani kuangalia kama dada yangu anakuja, na huku najua zamu yake ni Ijumaa. Nikaanza kuwahesabu wote wasiokuja kumwona. Mwishowe nikalibwaga bakuli mezani. Mama akafumba macho.

Usiku nikaichunguza dhamiri yangu kwa mizizi ya dhambi tuliyofundishwa na katekista: majivuno, ubahili, uzinifu, hasira, ulafi, kijicho, uvivu. Nikasema, basi ni hasira. Lakini hasira ilikuja mwisho. Kuna kitu kiliitangulia.

Bwana alisema ndani ya mioyo ya watu hutoka mawazo mabaya (Mk 7:21). Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyefariki jangwani Misri mwaka 399, aliyachunguza mawazo hayo akayataja manane. Yohane Kasiano, mmonaki pia, akayafikisha kwa Wakristo wa Magharibi, na katika karne ya 6 Papa Gregori Mkuu akayapanga kuwa saba, kiburi akakifanya mzizi wa yote. Katika safari hiyo wazo moja lilipoteza sura. Kwa Kigiriki ni akedia, ule uchovu wa roho unaomfanya mtu achoshwe na mahali pake na wajibu wake. Sisi limetufikia kwa jina la uvivu. Na nani kati yetu atajiita mvivu, sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kuteka maji?

Msikieni Evagrius mwenyewe. Anasema pepo huyu humjia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane, na saa zake zilihesabiwa tangu macheo kama zetu. Humfanya aone jua limesimama. Humtuma dirishani, humtoa nje kupima jua limebakiza nini kufika saa tisa, saa ya kula, na kuangaza macho kama kuna ndugu anayekuja. Humwambia upendo umekwisha hapa, hakuna wa kukufariji. Na kama kuna mtu alimkosea, humkumbusha. Niliposoma hayo nililia. Dirisha lile lilikuwa langu!

Zaburi ya 91 inataja uele uharibuo adhuhuri. Biblia ya Kigiriki inasema pepo wa adhuhuri. Tunaisali kila mara kujikinga na wachawi na ajali za barabarani, wala hatumwoni huyu aliyekaa nasi jikoni.

Ndugu zangu, niwaambie ukweli kwa upendo. Pepo huyo alimnong'oneza mmonaki pia kwamba Mungu anapatikana popote, kwa nini ubaki hapa? Ni kweli anapatikana popote, na ndiyo maana uongo huo unatunasa. Umeacha kwaya kwa sababu mwalimu alikusema mbele za watu. Umehama jumuiya mara ya tatu. Umemwacha mumeo mgonjwa kwa ndugu zake, ukasema unakwenda kuomba mlimani. Rudi! Kaa! Evagrius hakuagiza kitu kikubwa: usikiache chumba saa ile, vumilia. Anasema pepo huyu akishindwa, hakuna mwingine anayemfuata mara moja. Roho ya mmonaki huingia katika amani na furaha isiyosemeka. Subira haikuletwa kwake kutoka mahali pengine, iliota ndani yake mle mle chumbani alimotaka kutoroka. "Nanyi kwa subira yenu mtaziponya nafsi zenu" (Lk 21:19).

Hata Antoni Abate, mmonaki mkuu wa jangwani Misri, uchovu huo ulimpata. Akamlilia Mungu, akamwona mtu kama yeye ameketi akisuka kamba, akainuka kusali, akaketi tena kusuka. Alikuwa malaika, akamwambia: fanya hivi utaokoka.

Alhamisi nilimwomba mama msamaha. Hawezi kusema, ila mkono wake wa kushoto bado una nguvu, akanishika kidole. Saa sita ilipofika nilichukua ukili wake aliouacha kabla hajaugua, nikasuka kidogo, nikasali Salamu Maria, nikampa kijiko, nikarudi kwenye ukili. Tulimaliza karibu saa nane. Msuko wangu haujanyooka kama wake.

Mniombee, nami nawaombea. Kesho tena saa sita.