Tulivyoanza na Kucheka Kwanza: Michezo Yangu kwa Wanamdahalo Wapya

Mimi ni mlezi wa klabu ya mdahalo katika shule moja ya sekondari huku Eastlands, Nairobi. Kila mwaka wapya wanapojiunga naona jambo lile lile: hawaogopi mdahalo, wanaogopa kuchekwa. Kwa hiyo mwanzoni siwapi hoja ya uchumi wala ya tabianchi. Tunacheza.

Unaopendwa kuliko yote tunauita "Matatu Imejaa". Wanamdahalo wana mchezo wa siku nyingi ambapo watu wako ndani ya puto linaloporomoka na lazima mmoja atupwe nje. Mimi niliuhamishia Thika Road. Tunapanga viti kama ndani ya matatu, kila mtu anachota kikaratasi: daktari, muuza mitumba wa Gikomba, refa, mganga, bwana harusi aliyechelewa. Mbele kuna polisi, abiria mmoja amezidi. Kila mmoja ana dakika moja ya kumshawishi makanga asimshushe yeye.

Safari hii kikaratasi cha mganga kilimwangukia msichana ambaye sauti yake ilikuwa haifiki hata dawati la pili. Akasimama, akamtazama daktari kutoka juu hadi chini, akasema, "Konda, huyu ukimshusha atapata gari nyingine. Mimi ukinishusha, hii haifiki Githurai." Darasa zima likavunjika mbavu. Bila kuambiwa, alikuwa amelinganisha madhara ya pande mbili, kitu ambacho wakongwe wetu husahau kila tukienda mashindanoni.

Mchezo mwingine ni wa filimbi. Wawili wanabishana kama chapati inashinda mandazi. Nikipuliza, kila mmoja anarukia upande wa mwenzake papo hapo, hata kama yuko katikati ya sentensi. Wabishi sugu huteseka sana hapa, na mimi husikia raha. Mashindanoni upande unapangiwa, huchagui.

Ile michezo ya kufumba macho na kujiangusha mikononi mwa wenzako niliiacha. Sijaona inavyomsaidia mtu kujibu hoja.

Kinachohitaji kujengwa hasa ni ile jozi. Katika mtindo wa mdahalo unaoitwa wa Bunge la Uingereza kuna timu nne za watu wawili wawili, wenye dakika 15 tu za kujiandaa kabla ya hotuba za dakika saba. Basi nawapa wawili karatasi moja na kalamu moja. Ukitoa wazo, huandiki wewe. Anaandika mwenzako, na haandiki mpaka alieleze kwa maneno yake ukubali kwamba ndilo ulilosema. Siku za kwanza kalamu hunyang'anywa, sauti hupanda. Nawaacha.

Jumamosi moja huwa tunakwenda Jeevanjee Gardens, mjini, ambako watu hukutana kubishana siasa. (Barua za wazazi mkononi, maana mwalimu mkuu hana mchezo.) Kazi ni kusikiliza tu, kisha kila mmoja arudi na hoja moja asiyoiamini, aitetee kama mwenye hoja alivyoitetea.

Jozi za mashindano nazipanga mwisho kabisa. Marafiki wa chanda na pete nawatenganisha: wanakubaliana upesi mno, dakika 15 zinaisha na hakuna aliyemuuliza mwenzake "kwa nini?"